Shahidi wa Chembe Nyekundu

Wewe unayenisikiliza, usiyaogope maneno ya maabara. Nitayafungua moja moja, kama nilivyowafungulia wanafunzi wa uuguzi kwa miaka mingi, na likikushinda moja usijilaumu, rudi nyuma kidogo, utalipata. Ninachokuomba ni kunivumilia nikiinuka na kutembea huku nasimulia. Jambo hili siwezi kulisimulia nimekaa. Nimejaribu. Miguu inakataa.

Ilikuwa miaka ile tulipoitana citoyen na citoyenne, yaani mwananchi, kwa amri ya serikali, wanaume wakivaa abacost, lile koti lisilohitaji tai, na sisi wanawake tukikatazwa suruali. Nilikuwa na nyumba mtaa wa Katuba, mume, watoto watatu, na kazi katika maabara ya hospitali moja ya mjini. Shaba ilikuwa bado inaulisha mji. Moshi wa kiwanda ukielekea upande wetu tulikohoa sisi, ukigeuka walikohoa wengine.

Chumba changu cha kazi kilikuwa kidogo kuliko jiko. Dirisha lilizibwa kwa blanketi la kijivu lililopigiliwa misumari, kwa sababu kazi yangu ilitaka giza. Ndani yake kulikuwa na hadubini ya taa maalumu, na kwenye friji kichupa kisichozidi kidole gumba. Nianze na kichupa.

Uvimbe wa saratani unapokua, chembe zake, yaani seli, huvaa juu ya miili yao vitu ambavyo chembe za kawaida hazivai, au huvaa kidogo mno. Vitu hivyo huitwa antigeni. Wewe vichukue kama alama. Huko Ulaya walichukua alama ya aina moja, inayoonekana sana kwenye uvimbe wa utumbo na wa mapafu, wakamdunga nayo mbuzi. Mwili wa mbuzi uliiona alama hiyo kuwa kitu kigeni, ukatengeneza kingamwili za kuishika. Kisha wakamtoa mbuzi damu, wakachukua yale maji yake ya manjano, yaani seramu, na zile kingamwili wakazifunga rangi inayong'aa kijani ikipigwa na taa yangu. Hiyo ndiyo ilikuwa ndani ya kichupa. Ukidondosha tone juu ya kioo chenye chembe za mgonjwa, ukingoje, ukiosha, kingamwili zilizoshika alama hubaki na zisizoshika chochote huondoka na maji. Unaweka kioo chini ya hadubini, unawasha taa. Giza maana yake hakuna alama. Kijani maana yake alama ipo.

Hivyo ndivyo tulivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyoamini. Umenifuata mpaka hapo? Vizuri. Sehemu ngumu imekwisha.

Sasa ujue desturi zetu, maana kosa lilizaliwa humo. Taa ile ilikuwa na maisha yaliyohesabiwa kwa saa, na kila kuiwasha kulikula kipande cha maisha hayo. Taa nyingine ilitoka mbali, na kuipata kulitaka barua nyingi na mihuri mingi. Kwa hiyo iliwashwa Alhamisi tu, vioo vya wiki nzima vikisomwa kwa mara moja. Seramu nayo tuliitumia tone kwa tone, tukishika pumzi.

Na kila kipimo kina shahidi. Shahidi ni kioo cha pili, chenye chembe za mtu mzima wa afya, unachokitendea kila kitu ulichokitendea kioo cha mgonjwa. Kazi yake ni kukuambia kama seramu yako inashika watu wasio na hatia. Shahidi akibaki gizani, una haki ya kuamini kijani cha mgonjwa.

Mkuu wa maabara yetu alitoka benki ya damu. Ujana wake wote aliumalizia kuosha chembe nyekundu za watoa damu, na alizipenda kama wengine wanavyopenda kuku wao. Kichupa kilipofika mara ya kwanza, alitafuta shahidi pale alipozoea kutafuta kila kitu: akachukua chembe nyekundu, akaziosha mara tatu zikang'aa, akazitandaza kwenye kioo, akadondosha tone. Kioo kikabaki cheusi kabisa. Akaandika kwenye daftari: Shahidi: hasi. Akafurahi, tukafurahi naye. Na kwa kuwa tone lilikuwa tone na saa ya taa ilikuwa saa ya taa, hakumpima tena. Kila Alhamisi, chini ya majibu ya wagonjwa, tulinakili maneno yale yale: Shahidi: hasi. Mwandiko wangu ulikuwa mzuri. Nilikuwa nikiyaandika kwa madaha.

Alhamisi ninayoisimulia nilipata kioo cha majimaji yaliyovutwa kando ya pafu la mgonjwa fulani. Vioo vilikuja na namba, si majina. Nikawasha taa. Kijani. Kijani uwanja mzima, chembe kwa chembe, kama mtu aliyemwaga shanga. Nilikuwa sijawahi kuona kioo kinachojibu kwa sauti kubwa namna ile. Nikaandika: chanya, kwa wingi. Nikanakili shahidi wangu. Nikazima taa, nikaenda kununua unga.

Ijumaa baada ya kazi nilipitia kwa fundi wa cherehani, mtaa wa nyuma ya kwetu, kuulizia abacost ya mume wangu. Nilijua kwamba fundi alikuwa amelazwa wiki mbili kwa homa na maji ubavuni. Nilikuwa nimempelekea bukari, ugali wetu, na samaki wodini. Nilipomwona amekaa barazani mbele ya cherehani yake nilipiga kelele ya furaha. Kisha nikamsikia anavyopumua. Alikuwa akivuta hewa vipande vipande, kama anayekunywa kitu cha moto.

"Mama wa ku labo!" akasema. "Ingia, ingia. Bwana yako atavaa mukono moja. Ule mwengine nitautuma na treni." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, akashika ubavu.

"Treni gani, fundi?"

Alijibu kaka yake, mzee mmoja mnene aliyefika kutoka kaskazini, kwao, na ambaye wakati huo alikuwa amepiga goti juu ya sanduku la bati akilifunga kwa kamba.

"Tunamurudisha kwetu, mama. Docteur alisema dawa za hapa hazina kazi tena. Lundi asubui tunapanda. Muntu anakufaka vizuri pale banamujua."

"Kaka, miye niko hapa, ninasikia," fundi akasema.

"Sikia. Nani anakukataza?"

Ule ulikuwa utani wao, na ulikuwa mzito. Treni ya kaskazini ilikuwa safari ya siku kadhaa ikiwa na bahati, watu juu ya watu, vumbi, maji ya kuomba. Mtu mwenye pafu lililobanwa na maji asingefika. Nadhani wote watatu walilijua hilo, pamoja na mke wa fundi, aliyekuwa akikunja nguo za watoto bila kuinua uso.

"Karatasi njo hii," kaka akasema, akanipa.

Haikuwa na namba tena, ilikuwa na jina lake. Lakini chini, pale penye majibu, kulikuwa na mwandiko ninaoujua kuliko uso wangu. Chanya, kwa wingi. Shahidi: hasi.

"Ule aliandika iko na mwandiko muzuri," mkewe akasema polepole, kama anayetafuta kitu kimoja cha kusifu ndani ya karatasi ile.

"Ndiyo, yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada. Sikumwambia kwamba ni wangu. Naona aibu hata leo.

Nilitaka kuondoka, lakini fundi aliniamuru nisubiri. Alikuwa ameapa kumaliza ule mkono wa pili kabla ya Jumatatu, na alitaka kuhakikisha urefu kwenye koti la zamani la mume wangu nililokuwa nimeacha kwake. Akanyoosha mkono kwa mkewe bila kugeuka. Mkewe akampa kipimo cha kitambaa, ule utepe wa mafundi.

"Si ile! Ile imevutika."

"Iko ileile ya siku zote."

"Ipime ku misumari kwanza. Nilikuambiaka mara ngapi?"

Kwenye ukingo wa meza yake ya kukatia kulikuwa na misumari miwili midogo, vichwa vimeng'aa kwa kuguswa. Mkewe akapachika mwanzo wa utepe kwenye msumari wa kwanza, akauvuta mpaka wa pili. Alama ya mita ilipita msumari kwa upana wa kidole.

"Unaona? Ile ingevalisha bwana yake mukono ya tembo." Akakohoa, akangoja pumzi irudi. "Mètre ya kitambaa inavutikaka. Ukikata nayo tu, nguo inakuwa ya muntu mwengine."

"Na misumari," nikauliza, na sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine, "nani aliipima?"

"Miye. Na mètre ya chuma, ku atelier ya chemin de fer, pale banatengenezaka treni, wakati baba yangu alikuwa anatumikaka kule. Chuma haivutike." Akaniangalia. "Mama, juu ya nini unasimama vile? Kaa."

Sikukaa. Nilisema nina sufuria motoni, nikatoka, na sikuwa na sufuria yoyote.

Nilitembea mpaka soko na kurudi, mpaka soko tena na kurudi. Jirani mmoja aliniuliza nimepoteza nini. Nilikuwa nikijiuliza hivi: sisi misumari yetu ni ipi? Tuliulinganisha utepe wetu na nini? Na chembe nyekundu. Mara moja, zamani. Lakini ndani ya maji ya pafu la fundi kulikuwa na chembe gani? Hapo nikasimama katikati ya njia, mwenye baiskeli akanitukana, na alikuwa na haki.

Nilikuwa nalijua jibu. Majimaji yale yale yalipita chumba cha jirani siku iliyotangulia, kwa mwenzangu anayepaka rangi ya zambarau na kuhesabu. Nilimsikia kupitia ukutani akilalamika kwamba kioo kimejaa chembe nyeupe, hana pa kuanzia. Yeye aliandika kwenye daftari lake, mimi kwenye langu. Kati ya madaftari mawili kulikuwa na ukuta wa tofali moja.

Chembe nyeupe, ukae ukijua, ndizo askari wa damu. Penye usaha zipo kwa maelfu. Kila mtu mzima anazo, wewe unazo sasa hivi. Na shahidi wetu hakuwa nazo hata moja, kwa sababu mkuu alimwosha mara tatu mpaka akabaki mwekundu mtupu. Tulimwita shahidi ambaye hakuwapo mahali pa tukio, akasema hakuona kitu. Alisema kweli.

Jumamosi asubuhi ilikuwa salongo. Maabara imefungwa, mji mzima uko nje na majembe kufagia barabara na kuzibua mifereji, upende usipende. Sisi wa hospitali tulipewa mfereji ulio nyuma ya ukuta wa chumba cha kufulia. Nilifika wa kwanza. Nililima kama ninayetafuta mtu aliyefukiwa.

"Citoyenne, pole pole," mkuu akasema nyuma yangu. "Mufereji haukukosea kitu."

Alikuwa mtu mrefu, mkimya, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Nilikuwa nimejipanga nimwambie kwa adabu, kwa mzunguko, kama inavyopasa. Haikutoka hivyo.

"Chef, ninaomba ufunguo. Ninataka kuwasha lampe."

"Lampe ni ya jeudi."

"Jeudi muntu atakuwa amekufa ku treni."

Akaacha jembe. Nikamweleza: fundi, karatasi, misumari miwili, chembe nyeupe. Nilieleza nikiendelea kuchimba. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, akitazama tope:

"Shahidi nilimutengeneza miye mwenyewe."

"Ninajua, Chef."

"Niliosha mara tatu."

"Njo ile, Chef. Uliosha sana."

Wafua nguo walikuwa wakiimba upande wa pili wa ukuta. Niliwaza: nimemvunjia mtu heshima mbele ya koleo na matope, na taa sitaipata. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, lakini hakunipa.

"Chembe nyeupe za nani utapima?"

"Zangu."

"Hapana. Zangu." Akanionyesha kidole chake, kikiwa na udongo. "Ni miye nilileta ule shahidi. Kama nikiangaza, utaniandikia na miye treni?"

Tulinawa mikono bombani. Nilimchoma kidole, nikatandaza damu yake, nzima, bila kuiosha, kwenye kioo kipya. Kando yake nikaweka kioo kimoja cha majimaji ya fundi. Namshukuru mwenzangu wa chumba cha pili, aliyekuwa na tabia ya kutandaza vioo vinne hata akiombwa viwili. Kando ya hivyo nikaweka kioo cha tatu, kipande cha uvimbe wa utumbo tulichokuwa tumekihifadhi kutoka kwa upasuaji wa zamani, ambacho hakikuwa na shaka. Nikadondosha seramu. Tukangoja nusu saa. Yeye alikaa, mimi nilizunguka chumba ambacho huwezi kukizunguka kwa hatua zaidi ya nne.

"Citoyenne, utatoboa ciment ya chini."

Taa ikawaka na mlio wake wa nyuki. Nikaweka kioo chake kwanza. Chembe nyekundu hazikuonekana hata kidogo, giza tupu, kama alivyoandika miaka ile. Na katikati ya giza, hapa moja, pale moja, pale mbili: kijani. Chembe nyeupe za damu ya mtu mzima, aliyekuwa anachimba mfereji saa moja iliyopita, ziking'aa sawasawa na shanga za fundi.

Nikainuka nikampisha. Alivua miwani, akainama. Alikaa pale muda mrefu, akisukuma kioo huku na huku.

"Kumbe na miye niko na cancer," akasema hatimaye. Halafu, kwa sauti ya chini, "Mbuzi gani ile?"

Mbuzi hakuwa na kosa. Nieleze hapa, maana ndiyo roho ya habari yote. Mbuzi hajui saratani. Mbuzi anajua umbo. Alama ya uvimbe ina ndugu yake ambaye ni wa halali, anayekaa juu ya chembe nyeupe za kila mtu, na ndugu hao wawili wanafanana sehemu kubwa ya miili yao. Fikiri abacost mbili zilizokatwa na fundi mmoja: kola ile ile, mabega yale yale, tofauti ni mifuko tu. Kingamwili nyingine za mbuzi zilijifunza kushika mifuko. Hizo ni nzuri, zinashika uvimbe peke yake. Nyingine zilijifunza kushika kola. Hizo zinamkamata yeyote mwenye kola. Ndani ya kichupa zilikuwa zimechanganyika, na zote zina rangi moja ya kijani.

Basi tufanye nini? Tuwatoe wanaoshika kola. Na njia ni rahisi kuliko unavyodhani: unawapa kola washibe. Mkuu ndiye aliyejua kuifanya kwa mikono, kwa sababu benki ya damu walifanya hivyo kwa seramu za makundi ya damu. Alikwenda kuchukua chupa ya damu iliyopitwa na siku zake. Damu ikitulia hujipanga: nyekundu chini, manjano juu, na katikati utando mwembamba wa rangi ya uji, ambao yeye maisha yake yote aliumwaga. Hizo ndizo chembe nyeupe. Safari hii alimwaga vingine vyote akabaki na utando. Akauosha, akauchanganya na matone ya seramu. Ilikuwa karibu nusu ya kilichobaki kichupani. Kingamwili za kola zikashika chembe nyeupe. Baada ya saa moja kwenye joto tukaweka kwenye mashine ya kuzungusha, chembe zikazama chini na wafungwa wao, na juu yakabaki maji masafi yenye wale wanaoshika mifuko tu, tukayadondosha kwenye vioo vipya vya wale wale watatu.

Saa ile moja sijui niliipitishaje. Nilitoka nje, nikaingia. Nilipanga chupa zilizokuwa zimepangwa. Nilikuwa nahesabu si dakika, bali sanduku la bati likifungwa, kamba ikikazwa, tiketi zikitolewa.

"Mara mbili siku moja," mkuu akanung'unika akiwasha taa tena, na akaipapasa kama farasi.

Kioo chake: giza. Sio giza la kudhaniwa. Nilipita uwanja mzima kutoka pembe hadi pembe. Kioo cha uvimbe wa utumbo: kijani bado, hafifu kuliko mwanzo, lakini kijani. Hiki usikisahau, kwa sababu kama nacho kingezimika, tungekuwa tumeua seramu tu na kujidanganya. Kisha kioo cha fundi.

Giza.

Nilitafuta. Kulikuwa na mng'ao mmoja ukingoni, kwenye mkunjo, nikaurudia mara sita. Ulikuwa uchafu. Mkuu pia akasema uchafu. Niliurudia mara ya saba.

"Sasa sikia vizuri," mkuu akasema. "Hatusemi kama hana cancer. Tunasema karatasi ya kwanza haikuwa na haki ya kusema."

Alisema kweli, na ninakuomba uishike hiyo tofauti. Kioo chetu hakikumpa fundi uzima. Kilimwondolea tu hukumu iliyotolewa na shahidi asiyefaa. Kilichobaki ni kile mwenzangu wa zambarau alichoandika tangu mwanzo: chembe nyeupe nyingi, yaani vita, yaani usaha mwepesi, kitu ambacho bado kinatafutiwa dawa na sindano ya kuvuta. Mkuu akaandika karatasi mpya kwa mkono wake. Mstari wa mwisho aliuandika taratibu: Shahidi wa damu nzima, kwa seramu ya awali: chanya. Majibu yaliyotangulia yafutwe. Akatia sahihi. Daktari alipoisoma jioni ile alikuna kichwa, akauliza maswali mawili ya maana, akasema kitanda bado kipo, aletwe.

Jumapili baada ya misa nilikwenda. Sanduku lilikuwa tayari mlangoni. Kaka wa fundi alinisikiliza akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Juzi karatasi ilisema anakufa," akasema. "Leo karatasi inasema hatujui. Kesho itasema nini? Karatasi iko na bongo, mama, inadanganya."

"Papa, karatasi haikudanganya. Ni miye nilikosea. Ule mwandiko ni wangu."

Mkewe akainua uso kwa mara ya kwanza. Nilitegemea matusi. Nilikuwa nimejitayarisha kwa matusi tangu Ijumaa, na nadhani ningeyapokea kama maji baridi. Lakini fundi akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia.

"Mama wa ku labo," akasema akicheka kwa shida, "haukupimaka mètre ku misumari!"

"Sikupima, fundi."

"Aba! Na bwana yako nilitaka kumupa mukono ya bule." Akamgeukia kaka yake. "Fungua sanduku. Nguo zangu za kulala ziko chini."

"Treni..."

"Treni itaenda. Njo kazi yake."

Kaka yake akapiga goti, akaanza kufungua fundo lake mwenyewe, na lilikuwa limekazwa sana hivi kwamba ilibidi mimi na mkewe tumsaidie kwa meno ya uma.

Walimvuta maji mengine, mazito zaidi, wakambadilishia dawa. Wiki ya tatu homa ilishuka. Mwezi uliofuata nilimkuta barazani, mwembamba kama utepe wake, anashona mkono wa pili. Mume wangu aliivaa abacost ile mpaka siku watu walipoacha kuvaa abacost, na fundi alikuwepo akaigeuza kuwa koti la kawaida, akaiwekea kola ya tai.

Ungefikiri hapo nilitulia. Hapana. Jumatatu ile, treni ikipiga honi mbali, nilifungua daftari la maabara nikarudi nyuma. Alhamisi baada ya Alhamisi, mwandiko mzuri: chanya, Shahidi: hasi. Chanya, Shahidi: hasi. Baadhi bila shaka walikuwa na uvimbe kweli. Baadhi huenda walikuwa na chembe nyeupe tu. Vioo vyao tulikuwa tumeviosha tuvitumie tena. Vioo vilikuwa haba. Mkuu alikuja akasimama nyuma yangu, akasoma juu ya bega langu. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi, kabla ya mgonjwa yeyote, alichomwa kidole yeye au nilichomwa mimi, na damu ikatandazwa nzima, na taa ikala saa zake. Ilipokufa, tuliandika barua, tukangoja.

Ndiyo maana natembea: wale wa kurasa zile sikuweza kuwarudia. Lakini wewe waweza kukaa, na kuna jambo unaweza kulifanya bila hadubini. Siku utakapopewa karatasi ya maabara, yako au ya mtu wako, kabla hujafunga sanduku, rudi kwa aliyepima, msalimie vizuri, umwulize mambo mawili: shahidi alikuwa damu ya nani, na alipimwa siku gani. Asipojua, mwombe apime tena, na ungoje hapo hapo mlangoni.